Mwewe Kwenye Tenga la Kuku

Jirani yangu wa upande wa mashariki anafuga kuku wa kienyeji, na mtu anayefuga kuku wa kienyeji hapa Morogoro hana haja ya kutafuta maadui, wanamfuata wenyewe. Kuna kicheche wa usiku, kenge wa mchana, nguchiro wa saa zote, kideri kinachopita na kufagia banda zima, na wageni wa ghafla kutoka ukweni, ambao kwa hesabu yake ndio waliomaliza majogoo wengi kuliko wote. Juu ya wote hao, kwa cheo na kwa mahali, yupo mwewe.

Mtaani tunamwita mama huyu Mama Vifaranga. Ana masikio ya aina yake. Jogoo akipiga ukelele mmoja, anajua adui anatembea kwa miguu, anaokota jiwe. Akipiga ule mwingine, mwembamba na mrefu, anajua adui yuko angani, anatoka na sufuria na mwiko na kupiga kelele zinazowaamsha hata waliotoka zamu ya usiku. Wataalamu wa tabia za wanyama wamethibitisha kwamba kuku kweli wana milio tofauti kwa adui wa juu na wa chini. Mama Vifaranga hakuwasubiri.

Nayasema haya mapema ili ieleweke ni nani aliyekuwa nyuma ya ua wa michongoma siku mwewe alipoangukia mchicha wangu.

Walimwangusha kunguru. Si wale wetu wenye kizibao cheupe kifuani, bali wale wa shingo ya kijivu, ukoo wa wale walioletwa Unguja miaka ya 1890 ili wale takataka za mji, wakala, wakaona hazitoshi, wakavuka kuja bara. Kunguru hawa hawawezi kumwona mwewe akipita bila kumuuliza kibali. Walimwandama kwa zamu juu ya mpapai wangu, mmoja akichokoza mkia, mwingine kichwa, na alipopinda kumkwepa wa tatu akakutana na waya wa umeme. Nikasikia kishindo, mchicha ukalala chini, na kunguru wakajipanga juu ya paa langu kushuhudia yatakayofuata.

Mtu aliyezoea kumwona mwewe angani humdhania kadege ka kawaida. Ardhini ni habari nyingine. Mabawa yakitandazwa yanakaribia mita moja na nusu. Mkia una panda, mdomo ni wa njano iliyokolea, na macho yanakutazama kana kwamba wewe ndiye uliyeangukia bustanini kwake. Bawa la kushoto lilining'inia. La kulia lilikuwa zima na lilikuwa likitafuta mtu wa kumpiga.

Kijana wangu mdogo akasema, "Baba, anaumwa. Mshike."

Ni rahisi kusema. Watu wengi huogopa mdomo wa ndege wa namna hii, kumbe mdomo ni wa kulia chakula tu. Silaha ni miguu. Kucha zikishafumba, mishipa ya mguu hujifunga yenyewe, na kuifungua si kazi ya mtu mmoja. Mimi somo hilo nilifundishwa kwa vitendo, kwenye kidole gumba. Nikatazama huku na huku kutafuta kitu cha kumfunikia, na kilichokuwa karibu ni khanga ya mama watoto iliyoanikwa kambani, imeandikwa *Wema hauozi*. Nikamrushia. Giza lilipomfunika kichwa akatulia papo hapo, na hiyo ndiyo siri kubwa ya kazi nzima: ndege asiyeona hana ugomvi. Nikamkunjia mabawa ubavuni taratibu, nikamtia kwenye boksi la sabuni nililolitoboa matundu, nikalifunga. Khanga ilipotoka mle baadaye, wema ulikuwa haujaoza lakini ulikuwa umetoboka sehemu nyingi. Mama watoto alinikumbusha kwamba khanga huvaliwa doti, kwa hiyo nimeharibu mbili.

Habari ya boksi ilizunguka mtaa mzima kabla adhana ya alasiri haijaisha. Sijapata kuona mgonjwa mwenye washauri wengi hivyo. Muuguzi mstaafu wa nyumba ya tatu alishauri maji ya uvuguvugu yenye chumvi, amnyweshe kwa sindano ya plastiki. Fundi baiskeli alileta majani ya mwarobaini. Binti mmoja alikuja na maziwa kwenye kikombe, na kijana wa duka akatuma panadoli, nusu kidonge, "maana ni mdogo". Bibi wa nyuma alisema ndege yeyote duniani anapona kwa ugali wa moto.

Yote hayo, nilikuja kuambiwa, yangemuua kwa zamu. Tundu la pumzi la ndege liko hapo hapo nyuma ya ulimi, kwa hiyo maji ukimmiminia mdomoni yanaenda moja kwa moja mapafuni. Maziwa tumbo lake halijui ni kitu gani. Ugali hana habari nao. Majeruhi aliyetoka kupata mshtuko anahitaji giza, joto kidogo na watu wafunge midomo, na hicho cha mwisho ndicho mtaa wetu hauwezi kukitoa hata kwa amri ya mahakama. Wakati nawashukuru washauri wangu mlangoni, binti yangu mkubwa, ambaye anataka kuwa daktari, aliingia ndani akamfunga mwewe kiuno kizima kwa bendeji, kaza kaza, mpaka akaanza kuachama mdomo. Ndege hana ile ngozi ya misuli tuliyo nayo chini ya mbavu. Hupumua kwa kupanua na kubana kifua, na ukikifunga kifua umemfunga pumzi. Tulilegeza upesi. Binti bado anataka kuwa daktari.

Asubuhi yake, kwa bahati, bwana mifugo alikuwa anapita kuchanja kuku. Nikamwamkia, nikamkaribisha chai, nikamfungulia boksi kidogo. Akachungulia, akafunga, akanywa chai yote.

"Kuku huyu," alisema, "ana umri gani?"

Nikamwambia si kuku. Akasema hilo ameliona, ila fomu yake ina nafasi ya ng'ombe, mbuzi, kondoo, nguruwe, mbwa na kuku, na mwenye mabawa anaingia kwenye kuku. Dawa aliyokuwa nayo siku hiyo ilikuwa ya kideri, tone moja jichoni, na alikuwa radhi kumpa bure. Tukatazamana kwa muda, kila mmoja akimngoja mwenzake ajitolee kumshika mwewe kichwa ili jicho lilengwe vizuri. Hakuna aliyejitolea. Akafunga mkoba wake, akanishauri kwa moyo mweupe nimpeleke chuoni.

Wakazi wa Morogoro tunajivunia mlima, matunda na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, ambako matabibu wa wanyama wa nchi hii wengi ndiko walikosomea. Nikaita bodaboda. Kijana akatazama boksi. "Mzigo gani, bosi?" Nikamwambia kuku, kwa sababu safari ya kuku ina bei inayojulikana. Tulikwenda salama mpaka kwenye matuta, ambapo kuku alipiga mluzi mrefu wenye mtetemo mwishoni, ule ule unaosikika juu ya machinjio. Kijana akapunguza mwendo.

"Bosi, huyu kuku wa mbegu gani?"

"Wa kisasa," nikasema.

Hakuuliza tena, lakini alipanda matuta yaliyobaki kwa heshima kubwa.

Daktari alikuwa mtu mpole asiyeshangazwa na kitu. Alivaa glovu za ngozi, akamtoa mgonjwa kwa mkono mmoja, akampima uzito. Dubwana lile lililotutisha mtaa mzima halikufika hata kilo moja. Jogoo wa wastani anamzidi. Picha ya eksirei ikaonyesha kwamba katika mifupa miwili ya kigasha cha bawa, mmoja umevunjika na mwenzake mzima. Daktari akafurahi kweli kweli. Alieleza kwamba mfupa mzima ndio banzi la uliovunjika, kwamba mifupa ya ndege huunga upesi, wiki tatu hivi, na akamfunga bawa kwa bendeji iliyozungushwa kwa umbo la 8, bila kugusa kifua. Akanipa masharti. Nisimweke kwenye wavu wa waya, maana atajivunja manyoya, na mwewe mwenye manyoya yaliyovunjika ni mgonjwa hata akipona. Nimpigie afisa wanyamapori nimweleze, kwa kuwa kumfuga bila ruhusa ni kosa. Na nimpe chakula chenye mifupa na manyoya yake, siyo steki tupu, la sivyo atakosa madini ya mifupa wakati ndiyo kwanza anaiunga.

"Kama chakula gani, daktari?"

"Panya ni wazuri," akasema. "Ila bora kuliko vyote ni vifaranga."

Nilimwomba asiliseme neno hilo kwa sauti. Sauti husafiri.

Afisa wanyamapori nilimpigia, akasikiliza, akaniruhusu nimtunze chini ya daktari kwa sharti kwamba siku ya kupona ni siku ya kuachiwa. Suala la panya lilikuwa gumu zaidi, kwa sababu ya mji tunaoishi. Hapa Morogoro kuna panya buku waliofunzwa kunusa mabomu ya ardhini, na wengine kunusa makohozi ya watu ili kubaini kifua kikuu. Mmoja wao, Magawa, alitunukiwa medali ya dhahabu na shirika la wanyama la Uingereza mwaka 2020 kwa kazi aliyoifanya Kambodia. Sidhani kama upo mji mwingine ambapo kabla ya kumpa mwewe panya unalazimika kwanza kumuuliza panya anafanya kazi wapi. Niliwatangazia watoto wa mtaa kwamba nanunua panya, wadogo, wa jikoni, wasio na ajira. Kufikia jioni nilikuwa na foleni mlangoni. Kufikia Ijumaa bei ilikuwa imepanda, na kulikuwa na fununu kwamba vijana fulani wa ng'ambo ya mtaro wameacha kuwaua panya na wameanza kuwafuga.

Mgonjwa alikula vizuri kuliko sisi. Sisi tulikuwa kwenye maharage. Asubuhi moja kijana mdogo akaja mbio, "Baba, ametapika panya mzima!" Nikaenda nikakuta donge la manyoya na vifupa limekauka vizuri, nikampigia daktari nikiwa nimejiandaa kwa msiba. Akacheka. Mwewe hutema kila kisichosagika, na anayetema donge zuri ana tumbo zuri. Toka siku hiyo watoto wakawa wanayakusanya madonge yale na kuyapasua, wakajua mifupa ya panya kuliko wanavyojua jedwali la kuzidisha.

Sasa turudi kwenye sharti la wavu. Bila wavu wa waya, mtu atamweka wapi mwewe? Pa wazi pa kupumua, pasipo na ncha, penye nafasi ya kusimama. Kitu kinachotimiza sifa zote hizo katika nchi hii kinaitwa tenga, lile la fito la kubebea kuku, na tenga kubwa kuliko yote mtaani lilikuwa la Mama Vifaranga.

Nilikwenda kuliazima. Shikamoo mama, marahaba mwanangu, habari za kuku, kuku wazima. Nikasema nina shida ya tenga kwa siku chache. Akafurahi sana, akadhani hatimaye nimeanza ufugaji kama mtu mwenye akili. Alilipangusa mwenyewe. Akanipa na pumba kidogo za kuanzia. Nilirudi nyumbani nikiwa nimebeba pumba na aibu, nikalifunika tenga kwa gunia, nikamwingiza mpangaji.

Mama Vifaranga ni mtu wa kufuatilia. Alipoona kimya, hakuna jogoo anayewika kwangu, alikuja kutazama mradi. Sikuwepo. Aliyemfungulia mlango ni kijana mdogo, ambaye hajui kusema uongo, kasoro ninayoishughulikia. Nilipofika nilimkuta mama amesimama ukumbini mbele ya tenga lake mwenyewe, gunia mkononi, yeye na mwewe wakitazamana. Sijui walitazamana kwa muda gani. Kwa jinsi mwewe alivyokuwa ameinamisha kichwa, naamini walikuwa wanafahamiana.

"Mwanangu," alisema bila kugeuka, "huyu ndiye uliyemtafutia tenga?"

Nikamweleza yote: kunguru, waya, mfupa mmoja na mwenzake. Nikamtetea mgonjwa kwamba chakula chake hasa ni panya, panzi, mizoga ya barabarani, na kumbikumbi mvua zikianza. Kwamba milima ikishika moto yeye huzunguka pembeni mwa moshi akiokota vinavyokimbia. Kwamba kwa kweli ni mtu wa usafi.

"Na vifaranga," akasema.

"Na vifaranga, mara moja moja."

"Hiyo mara moja moja ndiyo kwangu."

Wahenga walisema dua la kuku halimpati mwewe. Mama Vifaranga alinieleza kwamba katika maisha yake yote dua hilo limepokewa safari hii tu, mwewe ameanguka chini kwa uwezo wa Mungu, na mimi nimemwokota nikamrudisha. Akatoka bila kuaga. Tenga aliliacha, nadhani kwa kuwa hakujua ataanzia wapi kulichukua.

Kesho yake akaja mjumbe wa mtaa. Alikuwa amepelekewa taarifa kwamba nafuga wanyama wakali ndani ya makazi ya watu. Ni mzee wa heshima, suruali ya kaki iliyopigwa pasi mpaka mstari unaweza kukata mkate. Nikampa kiti, nikamweleza kwamba kwa mujibu wa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 wanyamapori ni mali ya umma, Rais akiwa ndiye mdhamini kwa niaba ya wananchi, kwa hiyo mimi sifugi, nimepewa dhamana ya muda ya mali ya umma. Hoja hiyo ilimgusa. Akasogeza kiti karibu ili aione mali ya umma vizuri.

Ninachotaka kueleza hapa ni kwamba ndege wa jamii hii hadondoshi kinyesi. Anakirusha. Anageuka, anainua mkia, na kinatoka kwa kasi na kwa mwelekeo, ili kisichafue kiota. Sisi wa nyumbani tulishajua upande wa kukaa. Mjumbe hakuwa ameambiwa.

Alikaa kimya kidogo akitazama suruali yake. Mama watoto alileta maji na kitambaa, akapangusa pangusa, akaomba radhi kwa niaba ya familia. Mjumbe akasema si neno. Lakini aliandika kitu kwenye daftari lake.

Bawa likaunga. Daktari akafungua bendeji, akampa muda wa kujaribu mabawa kwenye chumba kitupu kule kwake, na asubuhi moja yenye jua tukampeleka uwanjani, upande wa mlimani, mimi nikiwa na boksi na nyuma yangu watoto wote wa mtaa, pamoja na wafanyabiashara wa panya waliokuja kuaga soko. Nikafungua. Akatoka kwa miguu, akijikongoja, akatupa mgongo. Halafu akapiga mabawa, akapanda, akashika upepo, akazunguka. Watoto wakashangilia. Kunguru wa mtaa nao wakamwona, wakatoka wote kumpokea, na yeye akawakwepa kwa kupinda upande mmoja, kisha upande mwingine, na kuelekea, kwa mstari ulionyooka, mashariki mwa nyumba yangu.

Tuliusikia mlio wa jogoo kutoka pale uwanjani. Ule mwembamba na mrefu. Kisha sufuria.

Kama ni yeye aliyemchukua yule kifaranga mweusi, mimi siwezi kuapa. Morogoro ina mwewe wengi, na kwa mbali wote wana mkia wenye panda. Mama Vifaranga anasema alimtambua kwa macho, kwa kuwa walishatazamana. Akanidai bei ya jogoo, kwa hoja kwamba kifaranga yule alikuwa wa kiume na kama si mimi angekua. Tangu hapo kila kifaranga anayepotea, hata yule ambaye mtaa mzima ulimwona kenge akiwa naye mdomoni, huandikwa kwenye hesabu yangu, na kila mwewe anayepita juu ananyooshewa kidole, "Wako yule pale."

Shauri limekwenda kwa mjumbe. Nilikwenda na hoja ile ile: mwewe ni mali ya umma, kwa hiyo na deni lake ni la umma, tuchangie kila kaya. Mama Vifaranga akajibu kwamba ndege alikula kwangu, alilala kwangu, alitibiwa kwa jina langu, na umma hakuuona siku hizo. Mjumbe alitusikiliza wote, akafungua daftari lake kwenye ukurasa wenye alama, akatazama suruali yake, akatoa uamuzi: nilipe nusu.

Nusu ya kifaranga, mimi nasema. Nusu ya jogoo, anasema yeye. Kikao kimeahirishwa mpaka Jumamosi. Mimi nimeagizwa nije na sheria yangu, na Mama Vifaranga aje na jogoo mmoja, wa kielelezo.